Bustani ya uani Lamu: Panga maji kabla ya kupanga matuta

NA MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa mwenye nyumba wa Lamu anayetaka kuipanga upya bustani iliyo nyuma ya nyumba yake, methali hiyo ni hesabu halisi. Tuta la mboga lenye ukubwa wa mita nne kwa tatu ni dogo machoni. Hata hivyo, katika miezi ya kiangazi linaweza kunywa maji mengi kuliko yanayonywewa na jamaa nzima ya nyumba hiyo.

Hii ndiyo sababu ushauri unaotolewa kwa wapenda bustani wa bara, ama ule unaopatikana vitabuni na kwenye mitandao, mara nyingi huwapotosha wakazi wa visiwa vya Lamu, Manda na Pate. Ushauri huo huanza na mbegu, udongo na umbo la matuta. Visiwani humu mambo matatu hutangulia: maji yatatoka wapi, chumvi itakwenda wapi, na ukuta wa nyumba utasalimika vipi. Anayeyapuuza hayo huharibu fedha zake, na wakati mwingine huharibu kisima cha mtaa na nyumba ya mawe iliyodumu kwa karne mbili.

Makala haya yanaeleza hatua za kufuata, na sababu ya kila hatua.

Maji yanayoelea juu ya maji

Mji wa Lamu na kijiji cha Shela hutegemea kwa kiasi kikubwa maji ya visima vilivyo kando ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua inaponyesha juu ya vilima hivyo, mchanga huyanyonya maji upesi kabla jua halijayakausha. Maji hayo hushuka hadi yakutane na maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa. Kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake, yakawa kama sahani iliyonona katikati na kuwa nyembamba kandokando.

Wataalamu wawili wa Ulaya, Badon Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, waliieleza kanuni ya jambo hili mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kila mmoja kivyake. Kwa makadirio yao, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikiliwa na mita zipatazo 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Maana yake ni nzito. Maji yakitekwa kwa wingi hata usawa wa kisima ukashuka kwa nusu mita tu, chumvi iliyo chini yaweza kupanda kwa mita 20 hatua kwa hatua. Kisima kilichoingiwa na chumvi hakitengemai kwa mvua moja.

Historia ya visiwa hivi inayo mifano ya kutisha. Ng'ambo ya mkondo, kisiwani Manda, yapo magofu ya mji wa Takwa uliositawi kati ya karne ya 16 na ya 17, kisha ukahamwa. Inaaminika kwamba kugeuka kwa maji ya visima kuwa ya chumvi kulichangia kuhama huko, na wakazi wake wakavuka kuja Shela. Hadi leo watu wa Shela huenda Takwa kuzuru na kuomba dua penye kaburi la mnara lililoko huko.

Idadi ya watu nayo imeongezeka. Sensa ya 2009 iliwahesabu wakazi 101,539 katika eneo lote la Lamu, na ile ya 2019 ikawahesabu 143,920. Si wote wanaoishi visiwani, lakini ongezeko hilo, pamoja na hoteli na nyumba za wageni, limezidisha mkono unaochota kwenye sahani ile ile. Mvua za misimu mitano mfululizo zilipokosekana katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, ilidhihirika jinsi sahani hiyo ilivyo nyembamba.

Kwa hivyo, kanuni ya kwanza ya bustani ya Lamu ni hii: bustani isitegemee kisima. Kisima ni cha kunywa na kupikia. Bustani itafutiwe maji yake.

Hesabu ya maji ya bustani

Tuta lililopandwa mboga kwenye joto la pwani hupoteza takriban lita tano za maji kwa siku katika kila mita moja ya mraba. Tuta la mita 10 za mraba basi huhitaji lita 50 kwa siku, yaani mitungi miwili na nusu ya lita 20. Kuanzia Agosti hadi Machi, ambapo mvua ni chache isipokuwa zile za vuli ambazo hazitabiriki, ni siku 240 hivi. Lita 50 mara 240 ni lita 12,000.

Mvua inaweza kutoa kiasi gani? Lamu hupata kama milimita 900 za mvua kwa mwaka, sehemu kubwa ikinyesha kati ya Aprili na Juni, na Mei ndio mwezi wake mkuu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba kwa hiyo hupokea lita 54,000 kwa mwaka. Hata tukiondoa thuluthi moja kwa sababu ya maji yanayorushwa na upepo, yanayokauka na yale ya mwanzo yanayosafisha vumbi, zinabaki lita 36,000. Ni mara tatu ya mahitaji ya tuta letu.

Tatizo basi ni kuyahifadhi. Tangi la lita 10,000 likijaa mwishoni mwa Juni, karibu litoshe msimu mzima wa kiangazi kwa tuta la mita 10 za mraba, hasa likitiwa matandazo kama itakavyoelezwa mbele. Mwenye uwezo wa tangi la lita 5,000 na apande mita nne au tano za mraba tu. Ukubwa wa bustani ufuate ukubwa wa tangi.

Wakazi wa visiwa hivi wanalijua jambo hili tangu jadi. Katika sehemu za Lamu Mashariki, ambako visima vitamu ni haba, watu walijenga majabia, yaani sakafu pana za chokaa au saruji zinazokinga maji ya mvua na kuyaelekeza katika hodhi kubwa. Tangi la uani ni jabia dogo la nyumba moja.

Maji ya udhu

Chanzo cha pili kiko ndani ya nyumba na humwagika kila siku. Watu watatu wakitawadha nyumbani kwa ajili ya sala tano, na kila mmoja akitumia lita tatu kila mara, ni lita 45 kwa siku. Kiasi hicho kinakaribia kutosheleza tuta lile lile la mita 10 za mraba, tena katika miezi ya kiangazi na ya masika sawia.

Maji hayo hayana sabuni wala mafuta. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, maji yaliyokwisha kutumiwa kwa udhu hubakia tohara ingawa hayafai tena kutohirisha. Hapana pingamizi basi ya kumwagilia mimea. Kinachohitajika ni mfereji mdogo kutoka mahali pa kutawadhia hadi kwenye tuta, badala ya kuuelekeza katika mtaro wa kichochoroni.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa pia. Maji ya kufulia ni hadithi nyingine. Sabuni nyingi huwa na magadi, ambayo huongeza chumvi ardhini na kuukaza udongo. Yakitumiwa, yaende kwenye miti mikubwa na yasirudiwe mahali pamoja kila siku. Mboga za majani zisipewe kabisa. Maji ya chooni nayo hayana nafasi yoyote katika mpango huu.

Funzo la 2004

Mtu anayeweka maji uani sharti aukumbuke mwaka wa 2004. Mwaka huo, baada ya kipindi cha ukame, mji wa Lamu ulikumbwa na mlipuko wa homa ya chikungunya. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa, idadi iliyokadiriwa kuwa watu 13,500. Jina la ugonjwa huo limetoka katika lugha ya Kimakonde, na ulitambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika katika miaka ya 1952 na 1953. Humfanya mgonjwa ajikunje kwa maumivu ya viungo.

Wengi hushangaa kusikia kwamba ugonjwa wa mbu ulizuka wakati wa ukame. Sababu ni kwamba maji yalipoadimika, watu waliyaweka majumbani kwa muda mrefu katika mitungi, mapipa na vyombo visivyofunikwa vyema, na aina ya mbu anayeeneza virusi hivyo hupenda kuzaliana katika maji safi ya namna hiyo karibu na watu.

Wajenzi wa kale wa Lamu walikuwa na dawa yao. Katika birika za vyoo vya nyumba za mawe waliweka samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika walilaza bakuli la kaure, ili samaki wasikose maji birika inapokaribia kukauka. Hekima hiyo ingalipo. Tangi la kisasa lifunikwe, na mahali maji yanapoingia na kutokea pawekwe wavu mwembamba. Visahani vilivyo chini ya vyungu vya maua vimwagwe kila baada ya siku chache, kwa maana kiluwiluwi huhitaji kama wiki moja tu kuwa mbu.

Linda ukuta

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2001. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi. Likiguswa na udongo wenye unyevu, hufyonza maji kama utambi unavyofyonza mafuta ya taa. Maji hupanda ukutani yakiwa na chumvi, hufika usoni mwa ukuta, hukauka, na chumvi hubaki ikiganda ndani ya lipu. Punje hizo huvimba na kuisukuma lipu hadi imomonyoke. Boriti iliyopachikwa katika ukuta wenye unyevu nayo huoza mwishoni, mahali pasipoonekana.

Kumbe basi tuta lililojengwa likiegemea ukuta, jambo linalopendwa sana na wachoraji wa bustani za kisasa, ni hatari katika mji huu. Kupaka saruji hakutibu. Saruji huziba vitundu na kuyafungia maji ndani, yakapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea. Suluhisho ni kuliweka tuta linalomwagiliwa angalau mita moja mbali na ukuta. Kati yake na ukuta ipite njia ya kokoto au vipande vya matumbawe, iliyoinamishwa kidogo ili maji yaukimbie ukuta. Asumini na mimea mingine inayotambaa ijengewe uchanja wake wa fito badala ya kushikizwa ukutani.

Tangi pia lichunguzwe. Lita 10,000 za maji zina uzito wa tani 10. Mzigo huo uwekwe chini, juu ya msingi imara, wala usipandishwe juu ya dari ya nyumba ya kale.

Miti ya jamii ya mtini na mkuyu isiruhusiwe kabisa karibu na kuta. Mbegu zake huletwa na ndege na kuota katika ufa wowote, na mizizi yake hupasua jiwe. Yeyote aliyetembelea magofu ya pwani ameona kazi yake. Mche ukionekana juu ya ukuta ung'olewe ukiwa na majani mawili. Ukingoja mwaka, utang'oa na mawe.

Ikumbukwe vilevile kwamba ndani ya eneo lililohifadhiwa mkazi hana uhuru wa kubomoa au kujenga ukuta, kufunga mlango wala kuchimba hodhi apendavyo. Ashauriane kwanza na ofisi ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya inayosimamia uhifadhi wa mji. Anayechimba akakuta vigae vya kale, sarafu au msingi wa jengo, sheria ya makavazi na turathi ya 2006 inamtaka atoe taarifa.

Kibla, jua na kivuli

Mkazi wa Lamu hahitaji dira ili kuipanga bustani. Kutoka Lamu, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, hivyo kila msikiti na kila msala wa nyumbani humwonyesha kaskazini iko wapi.

Habari hiyo ina faida kubwa. Lamu iko zaidi kidogo ya digrii mbili kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba, jua la mchana huwa upande wa kaskazini. Miezi iliyosalia huwa upande wa kusini. Mwezi Juni, ukuta wa upande wa kibla wenye urefu wa mita sita hutupa kivuli cha takriban mita tatu uani wakati wa adhuhuri. Mwezi Disemba, ukuta wa mkabala wenye urefu huo huo hutupa kivuli cha mita mbili na kitu kuelekea kibla.

Katika kiwanda, kama Waamu wanavyouita ua wa ndani ya nyumba, chenye upana wa mita nne au tano, tofauti hiyo ndiyo inayoamua nini kiote wapi. Upande wa kibla hupata jua la Disemba hadi Februari, ambalo ni kali na halina mvua: hapo pafaa mimea inayostahimili, kama mkomamanga, mhina na mshubiri. Upande wa mkabala hupata jua la Mei hadi Agosti, wakati ardhi ingali na unyevu wa masika: hapo pafaa mboga. Katikati hupata jua karibu mwaka mzima.

Kabla ya kusogeza tuta hata moja, mwenye nyumba achore ua wake kwenye karatasi, kisha aweke alama ya mwisho wa kivuli saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri. Arudie mwezi wa Juni na wa Disemba. Mchoro huo utamwokoa na kung'oa alichokipanda.

Tuta la kuinuka au la kuzama?

Matuta yaliyoinuliwa na kuzungushiwa mbao au mawe yamekuwa fasheni kila mahali. Yalibuniwa kwa ajili ya nchi za mvua nyingi na udongo mzito, ili maji ya ziada yaondoke na udongo upate joto upesi. Udongo wa Lamu ni mchanga, maji huondoka yenyewe, na joto si haba. Tuta la kuinuka hapa hukauka pande zote nne.

Mahali pengi kisiwani pafaa tuta la kuzama. Chimba kina cha sentimita 40 hivi, utandike chini makumbi ya nazi yaliyoloweshwa vizuri, kisha ujaze mchanganyiko wa mchanga na mboji hadi ubakize sentimita 10 chini ya usawa wa ardhi. Makumbi hushika maji kama sifongo, na ukingo huzuia maji yasitiririke na upepo usikaushe. Juu yake tandaza majani makavu au vipande vya makuti kuukuu. Matandazo hayo hupunguza sana maji yanayopotea hewani.

Tuta la kuinuka linabaki na mahali pake pamoja: karibu na ufuo, ambapo ukichimba kidogo tu unakutana na maji ya chumvi. Hapo mizizi sharti iepushwe na kilichoko chini.

Udongo wenyewe una tabia ambayo wageni hawaijui. Kwa kuwa umetokana na matumbawe na kombe, umejaa chokaa. Mkulima wa nyanda za juu hushauriwa kutia chokaa au jivu shambani kwa sababu udongo wake una asidi. Mkazi wa Lamu akiufuata ushauri huo huongeza asichokihitaji. Chokaa ikizidi, mmea hushindwa kuvuta madini ya chuma hata kama yamo ardhini. Dalili yake ni majani machanga kugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Dawa ni mboji, msimu baada ya msimu. Jivu la jikoni na vifusi vya lipu kuukuu visitupwe bustanini.

Mboji haiko mbali. Lamu inao punda wapatao 3,000, na samadi yao huzagaa vichochoroni. Samadi mbichi haifai, kwani tumbo la punda haliui mbegu za magugu na chumvi yake huunguza mizizi. Irundikwe kwa tabaka pamoja na majani makavu na maganda ya jikoni, ilowe kiasi, igeuzwe kila wiki, na iachwe miezi miwili au mitatu hadi ipoe na kunuka kama udongo. Anayeishika avae glavu na viatu, na awe amechanjwa dhidi ya pepopunda, kwa sababu vimelea vya ugonjwa huo hupatikana kwa wingi katika kinyesi cha wanyama wa jamii ya farasi.

Nini kipandwe

Penye maji yenye chumvi kidogo, minazi na mitende ndiyo mifalme ya ustahimilivu. Mkomamanga na kunde hufuata. Maharagwe, vitunguu, karoti na jamii ya malimau huumia upesi, na anayevitaka ahakikishe vinapata maji ya mvua. Chumvi iliyojikusanya tutani wakati wa kiangazi huonekana kama ukungu mweupe juu ya udongo. Iachiwe mvua kubwa za kwanza za masika ziioshe kabla ya kupanda mbegu.

Wakati wa kusi, upepo huja na chumvi ya bahari. Ua wa fito au makuti unaopitisha upepo kiasi hukinga mimea vizuri kuliko ukuta mtupu, ambao huurusha upepo juu kisha ukaanguka kwa kishindo upande wa pili. Penye uwanja mpana nje ya mji, safu ya mivinje hufanya kazi hiyo. Huko Pate, wakulima wa tumbaku wamefaidi kinga ya aina nyingine: hulima katikati ya magofu ya mji wa kale, kuta zilizobaki zikiwa zimezunguka vishamba vyao.

Wala bustani ya Lamu haijawa ya mboga pekee. Asumini, mrehani, mkadi na mkilua ni mimea ya nyumba ya Mswahili tangu zamani. Maua na majani yake hufungwa vikuba, hutungwa mashada ya arusi na kutiwa nguo harufu, na kwa wanawake kadha wa kadha wa pwani ni pato. Mita mbili za mraba za asumini na mrehani zilizotunzwa vyema zaweza kumletea mwenyewe fedha kuliko mita sita za mchicha uliodumaa kwa chumvi. Anayepanga upya bustani aliweke hilo katika hesabu yake.

Mpango wa miaka mitatu

Kosa la kawaida ni kutaka kumaliza yote kwa mwezi mmoja. Mpango ufuatao unaweza kutekelezwa na mtu wa kipato cha kawaida.

Mwaka wa kwanza ni wa kupima na kukinga maji. Chora ua, weka alama za vivuli, na onja maji ya kisima mwezi Machi, ambapo chumvi huwa imefika kilele. Rekebisha mifereji ya paa na uweke tangi kabla ya Aprili. Anza rundo la mboji. Panda vyunguni tu.

Mwaka wa pili ni wa kujenga. Kati ya Januari na Machi chimba matuta ya kuzama, tandika makumbi, jaza mboji na utengeneze njia ya kokoto kando ya kuta. Elekeza maji ya udhu. Masika yanapoanza, pisha mvua mbili tatu za kuosha chumvi, kisha upande mboga na viungo. Usizidi nusu ya eneo ulilokusudia.

Mwaka wa tatu ni wa miti na mapambo. Miti hupandwa mwanzoni mwa masika ili ipate miezi mitatu ya kushika mizizi kabla ya kiangazi. Mti mdogo kama mkomamanga upewe mita tatu toka ukutani; mnazi, mwembe na mwarobaini vipelekwe shambani au kwenye viwanja vipana. Tuta la pili lichimbwe tu ikiwa tangi halikukauka kabla ya Machi.

Kipimo hicho cha mwisho ndicho kinachopaswa kuongoza kila mradi utakaofuata. Tangi likiwa na maji mwezi Machi, bustani yaweza kupanuliwa. Likiwa tupu na mwenyewe ameanza kuchota kisimani, bustani imezidi uwezo wa nyumba yake na sasa inakunywa maji ya jirani.